Watoto na mama mkwe ndani ya pabu za London: jibu kwa baba wa Arusha

Msomaji wa Arusha anauliza: "Mwezi wa nane nakwenda London kwa siku tano na mke wangu, watoto watatu (miaka 17, 12 na 6) pamoja na mama mkwe. Mimi hupenda bia moja mbili, na nimesikia habari nyingi za pabu za Kiingereza zenye umri wa miaka mia tatu na zaidi. Lakini mama mkwe ni Mwislamu, hagusi pombe wala nguruwe, na mke wangu anasema hawezi kuzungusha watoto kwenye mabaa. Je, naweza kuziona pabu hizo na vivutio vya mji bila kuivuruga safari ya familia? Na huyu wa miaka 17, ataruhusiwa kuonja?"

Ndugu yangu, inawezekana, tena vizuri sana, mradi ukubali sharti moja: pabu moja kwa siku, mchana, wakati wa chakula, na iwe hatua chache tu kutoka kwenye kitu mnachokwenda kukiona. Kazi yangu ni kutembeza wageni London, wengi wao wakiwa familia kutoka nyumbani. Wanaorudi hotelini wakiwa bado wanacheka ni wale walioifanya pabu kuwa mahali pa kupumzisha miguu na kula. Ugomvi huanza baba anapokuwa na orodha ya pabu saba, mtoto analia njaa na bibi hana pa kukaa.

Mke wako ana haki ya kuwa na wasiwasi ikiwa anafikiria baa ya kwetu saa 4 usiku. Pabu ya London saa 7 mchana ipo karibu zaidi na zile baa za nyama choma zenye bembea uani, Jumapili baada ya ibada, ambako kina mama wanakula, watoto wanakimbizana na wazee wanazungumza. Utakuta mzee na gazeti lake, wafanyakazi wa ofisini wakila, mama na kigari cha mtoto, na mbwa amelala chini ya meza. Huyo mbwa mwambie mama mkwe mapema. Pabu nyingi zinaruhusu mbwa, na kwa Mwislamu hilo linaweza kumsumbua kuliko hata chupa zilizo rafuni. Ombeni meza ya upande wa chakula au ya nje.

Sheria ni hii. Kwa England na Wales, sheria ya leseni za vileo ya mwaka 2003 inakataza mtoto wa chini ya miaka 16 kuwa peke yake, bila mtu mzima, mahali ambapo biashara kuu ni kuuza pombe ya kunywewa papo hapo. Akiwa na mzazi wake, sheria haimzuii. Lakini kila pabu ina masharti yake. Nyingine zinataka watoto waondoke ifikapo saa 2 au saa 3 usiku, nyingine zinawaruhusu kwenye sehemu ya chakula tu au bustanini, na chache haziwataki kabisa. Kwa hiyo piga simu asubuhi uulize mambo mawili: watoto wanaruhusiwa hadi saa ngapi, na jiko linafungwa saa ngapi. Swali la pili watu hulisahau. Baadhi ya majiko hupumzika alasiri, hivyo ukifika saa 10 na watoto wenye njaa, unaweza kuambiwa kuna pakiti za krispi tu.

Utaratibu wa kuagiza nao ni tofauti na wetu. Kwetu unakaa, unamwita mhudumu, vinakuja. Pale, kwenye pabu nyingi, unatafuta meza kwanza, unashika namba yake, kisha unakwenda mwenyewe kaunta, unaagiza chakula na vinywaji, unataja namba ya meza na unalipa hapo hapo. Chakula huletwa mezani, vinywaji unabeba mwenyewe. Usipige mluzi, usigonge kaunta, usipunge noti. Aliye kaunta anajua nani alitangulia, na jirani yako akihudumiwa kabla ya zamu yake, mara nyingi yeye mwenyewe atasema, "Huyu alikuwa mbele yangu." Bahashishi ya vinywaji vya kaunta haitarajiwi. Chukua kadi ya benki, kwa sababu sehemu nyingi hazipokei tena fedha taslimu. Katikati ya mji painti moja ya bia, ambayo ni mililita 568, mara nyingi ni pauni 6 hadi 7, kwa hiyo kile chakula cha mchana cha watu sita ndicho matumizi makubwa ya siku. Afueni ni kwamba makumbusho makubwa ya London ni bure kuingia.

Sasa mama mkwe, ambaye ndiye anayehitaji maandalizi kuliko watoto. Chukulia kwamba nyama ya pabu si halali, isipokuwa wakuambie vinginevyo. Soseji karibu zote ni za nguruwe. Pai ya nyama mara nyingi imepikwa ndani ya bia. Hata samaki na chipsi, chakula ambacho wageni wetu hukimbilia wakidhani ni salama, kwenye pabu huja na rojo la unga lililokorogwa kwa bia, na chipsi zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Waulize kama kuna samaki wa kuoka au wa kuchoma bila rojo. Vyakula visivyo na nyama vipo kila mahali siku hizi. Kinywaji si tatizo: chai, kahawa, soda, au maji ya gesi yenye ndimu, na maji ya bomba ukiyaomba ni bure kwa mujibu wa masharti ya leseni. Muwe macho na saida tu. Kule saida ni pombe ya matofaa, si juisi, na mtoto anaweza kuiomba bila kujua. Zile bia zinazoitwa hazina kilevi, baadhi zinabaki nacho kidogo, hadi asilimia 0.5, basi mama asipewe kwa kubahatisha.

Ningekuomba pia jioni moja uitoe kwa ajili yake kabisa. Mpeleke Edgware Road, mtaa uliojaa migahawa ya Kiarabu, au Whitechapel upande wa mashariki, ambako kuna msikiti mkubwa wa East London Mosque na migahawa ya Kibengali na Kipakistani. Mtu aliyekula nyama halali akashiba usiku wa jana hatanung'unika kula samaki na viazi pabu kesho yake.

Nikija kwenye maeneo, siku ya kwanza ningewapeleka Southwark. Anzeni kanisa kuu la St Paul's, mvuke mto Thames kwa miguu juu ya Millennium Bridge, muingie Tate Modern, makumbusho ya sanaa, dakika chache (ni bure, na ile ukumbi wake mkubwa wa chini unamtosha mtoto wa miaka 6 kukimbia), kisha mfuate ukingo wa mto hadi Shakespeare's Globe, ukumbi wa maigizo. Ukumbi wa asili ulijengwa mwaka 1599. Huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 1997, na paa lake ni la makuti ya mabua, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa mwaka 1666. Mbele kidogo kuna Borough Market, soko la vyakula lenye harufu za kila aina. Jumatatu hufungwa, Jumamosi hapapitiki.

Na hapo ndipo ilipo pabu ambayo, kama mngekuwa na nafasi ya kuingia moja tu London nzima, ningewachagulia: The George, uani kando ya Borough High Street. Waelezeni watoto kwa nini ipo hapo. Kwa karne nyingi London Bridge lilikuwa njia pekee ya kuvuka mto kwa miguu au kwa farasi kuingia mjini kutoka kusini. Wasafiri waliochelewa, wafanyabiashara na mahujaji walilala upande huu, na mtaa mzima ukawa wa nyumba za wageni zenye ua mkubwa wa kuingizia farasi na magari yao. Treni zilipokuja, biashara hiyo ikafa, zikabomolewa moja baada ya nyingine. The George yenyewe, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto kuunguza Southwark mwaka uliotangulia, ilipoteza pande mbili kati ya tatu. Upande mmoja uliobaki ndio nyumba ya mwisho London ya aina hiyo yenye roshani za mbao zinazotazama uani, na tangu mwaka 1937 iko chini ya National Trust, shirika la kutunza urithi wa nchi. Meza za nje ni nyingi. Kaeni hapo, mtazame juu kwenye roshani. Wasanii wa maigizo waliwahi kucheza kwenye nyua za nyumba kama hizi kabla London haijawa na kumbi, huku watu wakiwatazama kutoka roshani kama zile. Mtoto wako wa miaka 12 akiwa ametoka kuiona Globe nusu saa iliyopita, atalielewa hilo bila kufundishwa.

Siku ya Greenwich ndiyo nzuri kwa wadogo. Nendeni kwa treni ya DLR, ambayo haina chumba cha dereva mbele. Wahini viti vya mwanzo kabisa na mtoto wa miaka 6 ataamini yeye ndiye anayeendesha. Shukeni Island Gardens, kituo kimoja kabla ya mto, muingie kwenye njia ya miguu iliyochimbwa chini ya Thames na kufunguliwa mwaka 1902. Mnatokea upande wa pili kando ya Cutty Sark, jahazi la mwaka 1869 lililokuwa likikimbiza chai kutoka China. Makumbusho ya bahari, National Maritime Museum, ni bure. Panda nao kilima taratibu hadi Royal Observatory, kituo cha kutazama nyota kilichoanzishwa mwaka 1675, mahali ambapo dunia ilikubaliana mwaka 1884 kuanzia kuhesabu longitudo. Saa zetu za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele ya mstari ule, ingawa mwezi wa nane London husogeza saa zake na tofauti inabaki saa mbili. Juu ya paa kuna mpira mwekundu ambao, tangu mwaka 1833, hudondoshwa saa 7 kamili mchana ili manahodha mtoni warekebishe saa zao. Upepo ukiwa mkali haupandishwi. Mjipange muwe pale kabla ya saa hiyo, mkishauona mteremke kula Trafalgar Tavern, pabu kubwa ya mwaka 1837 iliyojengwa ukingoni kabisa mwa mto, madirisha yake yanatazama maji. Ina nafasi, ina viti vizuri, bibi hatabanwa. Kurudi, pandeni boti hadi katikati ya mji. Nauli inazidi ya treni, lakini mtapita chini ya Tower Bridge, na hilo lina thamani yake.

Siku ya Westminster naomba uipange kwa moyo, kwa sababu pale pana jambo letu. Ndani ya Westminster Abbey, kwenye sakafu katikati ya kanisa, kuna kaburi la David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako sasa ni Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu takriban miezi tisa hadi Bagamoyo, ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza kwa meli. Alizikwa hapo Aprili 1874, na mmoja wa wale wabebaji, Jacob Wainwright, alikuwepo mazishini akiwa miongoni mwa walioshika jeneza. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na baharini. Majina ya Chuma na Susi hayamo kwenye jiwe hilo. Wewe wataje kwa sauti mbele ya wanao. Kama familia imewahi kufika Bagamoyo ikauona mnara ule wa misheni ambako mwili ulilazwa, wanao watakuwa wameziona ncha zote mbili za safari hiyo, jambo ambalo watoto wengi waliozaliwa London hawajalifanya. Kiingilio hulipiwa, ila ibada ya jioni ni bure kwa yeyote anayekuja kusali.

Pabu za pale jirani ni maarufu lakini ni finyu. St Stephen's Tavern, ng'ambo ya mnara wa Big Ben, ina kengele inayolia kuwaita wabunge wakapige kura, wanaokuwa na dakika nane tu kufika. Mchungulieni, mpige picha, mkale penginepo. Mchana wa mwezi wa nane nafasi ya watu sita pale ni vigumu kuipata.

British Museum iko Bloomsbury na ni bure, ila mwezi wa nane kata tiketi ya muda mtandaoni mapema. Msijaribu kuimaliza, mtu mzima mwenyewe hawezi. Nyinyi ni watu wa Arusha, basi ulizeni dawati la mapokezi zilipo zana za mawe za Olduvai. Miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa na binadamu katika hifadhi ile nzima ni jiwe la kukatia, la takriban miaka milioni 1.8, lililopatikana Olduvai na msafara wa Louis Leakey mwaka 1931. Mkitoka, tembeeni dakika kama kumi na tano mashariki hadi Coram's Fields, uwanja wa michezo ya watoto ambamo mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Mtoto wa miaka 6 atakuwa ndiye anayewaingiza nyote, na mimi sijaona mtoto asiyeipenda kazi hiyo. Jirani yake, Lamb's Conduit Street, kuna The Lamb, pabu yenye vile vioo vidogo vya kuzungushwa juu ya kaunta, vilivyowekwa zama za Malkia Victoria ili mteja mwenye cheo asionekane na aliye upande wa pili. Hii ni ndogo, kwa hiyo simu kwanza.

Siku ya mwisho iache bila ratiba, labda iwe Jumapili. Jumapili pabu hupika mlo wa kuoka: nyama ya ng'ombe, kondoo au kuku, viazi vya kuokwa, mboga, mchuzi mzito, na Yorkshire pudding ya unga, mayai na maziwa ambayo haina sukari. Weka nafasi siku kadhaa kabla. The Spaniards Inn, kando ya uwanda wa Hampstead Heath, ina bustani kubwa na umri wa tangu karne ya 16, na dakika chache kutoka hapo kuna Kenwood House, jumba lenye michoro mikubwa ya Ulaya, bure.

Wewe na bia yako sikuwasahau. Jioni moja, watoto wakiwa na bibi yao hotelini, mchukue mke wako mwende wawili tu Ye Olde Cheshire Cheese, kwenye kichochoro cha Fleet Street. Ilijengwa upya mwaka 1667, mwaka mmoja baada ya moto mkubwa, na mlangoni kuna ubao wa wafalme na malkia wote waliotawala tangu hapo. Ndani ni giza, vyumba vidogo vidogo, ngazi za kushuka chini ni kali, ndiyo sababu sitaki umpeleke mama mkwe. Nendeni siku ya kazi, kwani pabu nyingi za eneo lile hufunga mwishoni mwa juma. Pale au kwingine, omba bia ya pipa inayovutwa kwa mkono. Bia hiyo bado inaumuka ndani ya pipa lake na hutolewa ikiwa na ubaridi wa ghala la chini, nyuzi 11 hadi 13. Kwa ulimi uliozoea ya barafu itaonekana ya uvuguvugu, lakini ladha yake ya shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) ungeikosa kama ingekuwa baridi zaidi. Ukisita, omba kuonja kwanza, watakumiminia kidogo bila malipo. Kisha agiza nusu painti.

Usafiri nitausema kwa haraka. Kila mtu mzima awe na kadi yake ya benki ya kugusisha, kadi moja haiwezi kupitisha wawili kwa wakati mmoja. Wa miaka 6 hasafiri kwa malipo. Wa miaka 12 mnunulieni kadi ya nauli ya Oyster na mwombe mhudumu wa kituo aiwekee punguzo la wageni vijana, atalipa nusu nauli kwa siku 14. Mabasi hayapokei fedha taslimu.

Kuhusu kijana wa miaka 17: sheria inamruhusu mwenye miaka 16 au 17 kunywa bia, mvinyo au saida akiwa mezani anakula mlo, pamoja na mtu mzima, na mtu mzima huyo ndiye aliyenunua. Mwenyewe hawezi kununua, na kuomba tu kaunta kunaweza kuwafanya wote mkataliwe. Pabu nayo ina haki ya kusema hapana. Wahudumu huomba kitambulisho kwa yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, hivyo hata mke wako asishangae akiulizwa, atembee na pasipoti. Kama utampa kijana onjo la bia, hilo ni la wewe na mama yake kukubaliana mkiwa bado Arusha, na si mbele ya mama mkwe.